Wacheni Kuita Lori la Mkebe Toi

Wiki jana niliweka video ya rafu yangu. Sekunde 40 tu. Malori kumi na moja, kreni moja, na lobedi iliyobeba transfoma. Msee wa kwanza kuniandikia akasema, "Bro, miaka 22 na bado unacheza na toi?" Wa pili akasema, "Hiyo Scania ya boksi ni moto. Lakini toa hizo za mkebe, zinaharibu rafu."

Huyo wa kwanza nimemzoea. Wako wengi kama yeye, na nitamjibu. Ni huyo wa pili aliyeninyima usingizi, kwa sababu miaka michache iliyopita hayo maneno ningeyaandika mimi.

Wacha niseme mapema kabla hujatoroka. Mji unaokula kwa malori, unaolala na kelele za malori, unaosomesha watoto kwa pesa ya malori, halafu unaona haya kuweka lori lake juu ya kabati, huo ni mji usiojiheshimu. Nazungumzia Malaba. Nazungumzia Busia. Najizungumzia mimi pia, usidhani nimejitoa.

Kwa wale hawajui hii kitu, iko hivi. Kuna watu kote duniani wanaokusanya malori na kreni ndogo zilizotengenezwa kwa vipimo. Sisemi zile za plastiki za supamaketi ambazo tairi linatoka kabla ufike nyumbani. Hizi ni za chuma, na tairi za mbele zinageuka. Kipimo kinachotumika sana kwa malori ya mizigo mizito na mashine za ujenzi ni moja kwa hamsini. Maana yake, mita moja ya barabarani inakuwa sentimita 2 kwenye rafu. Kontena ya futi 40, ile unaiona kila siku ikipita Amagoro, ina urefu wa mita 12 na kitu. Kwenye rafu ni sentimita 24.

Wajerumani wana Conrad na NZG. Waholanzi wana WSI na IMC, na pia Tekno, ambayo ilianzia Denmark mwaka 1928. Kampuni kubwa za kubeba mizigo mizito, kama Mammoet ya Uholanzi, huuza modeli zilizopakwa rangi zao wenyewe, na watu wazima wenye kazi na watoto wanazinunua. Modeli moja nzuri inapita euro mia moja bila jasho. Piga hesabu kwa shilingi, uone kama hujakumbuka kodi ya nyumba.

Sasa twende kwa yule wa kwanza, bingwa wa "unacheza na toi".

Ndugu yangu, wewe una jezi tisa za timu ya Uingereza ambayo hujawahi kuiona ikicheza kwa macho yako. Hakuna aliyekuambia ni utoto. Jirani yako ana viatu vya kutazama tu, havikanyagi matope ya Burumba hata mvua isiponyesha. Huyo tunamwita msafi. Lakini mtu akiweka lori dogo kwa meza, ghafla ana shida ya akili. Kwa nini? Kwa sababu lori ni la kazi, na sisi tumefundishwa kwamba kitu cha kazi hakitazamwi, kinatumika tu hadi kiishe.

Na kama unadhani hii ni kucheza, njoo tufanye hesabu kidogo. Sheria ya Afrika Mashariki inasema lori pamoja na mzigo wake lisipite tani 56 kwa mizani. Ukilipunguza lori hilo mara hamsini kwa urefu, unalipunguza mara hamsini kwa upana pia, na mara hamsini kwa kimo. Hamsini mara hamsini mara hamsini ni 125,000. Gawanya kilo 56,000 kwa hiyo namba. Unapata gramu 448. Lori zima la tani 56 linakuwa jepesi kuliko nusu kilo ya sukari. Hiyo hesabu mimi sikuielewa darasani. Niliielewa siku niliyoshika lori mkononi nikashangaa mbona ni jepesi hivi.

Au chukua kreni. Liebherr wana moja inaitwa LTM 11200-9.1. Ekseli tisa, na mkono wake ukitolewa wote unafika mita 100. Kwa kipimo cha moja kwa hamsini, hiyo ni mita mbili. Yaani modeli yenyewe inanishinda urefu. Ukiisimamisha kwa meza inagonga dari ya chumba changu. Siku ukielewa hivyo, hutapita tena chini ya kreni ukiwa umeinamia simu. Utaangalia juu na utajiuliza kinachozuia isianguke ni nini. Hapo ndipo injinia huanzia.

Hamburg, mji wa bandari kama Mombasa, kuna jumba linaitwa Miniatur Wunderland. Lilifunguliwa mwaka 2001 na ndugu wawili mapacha. Ndani ni treni ndogo, malori madogo, na hata uwanja wa ndege mdogo. Zaidi ya watu milioni moja huenda kuangalia kwa mwaka, na wanalipa kuingia. Sijasikia mtu akiwaambia Wajerumani wakue.

Basi huyo tumemaliza naye. Sasa yule wa pili. Yule wa "toa za mkebe".

Huyu simchukii, kwa sababu namjua kutoka ndani. Nilipoanza kuzama kwa haya mambo, nilikuwa naangalia video za Wazungu usiku mzima. Niliweka pesa miezi saba, pesa ya kupiga picha harusi na kuhariri video za watu, nikanunua Scania moja kupitia jamaa wa Nairobi. Shilingi elfu kumi na sita pamoja na usafiri. Rangi za kampuni ya Uholanzi, taa juu ya kabini, kila kitu. Nilipoifungua, hata karatasi ya boksi sikuitupa.

Mzee wangu ni dereva. Mombasa, Nairobi, Malaba, Kampala, halafu anarudi, tangu kabla sijazaliwa. Siku moja alikuwa nyumbani, nikamwonyesha. Nilikuwa na furaha kama mtoto aliyeletewa mkate. Akaishika, akaigeuza, akaiweka chini polepole. Akaniuliza, "Hii imewahi kupita Malaba?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Halikuwa swali la dharau. Mzee anauliza maswali kama mtu wa barabara. Lakini nilienda kulala nalo. Rafu yangu nzima ilikuwa malori ya barabara ambazo sijakanyaga, za kampuni ambazo hazijui Malaba ni mji au ni ugonjwa. Na nje ya dirisha langu, umbali wa kutupa jiwe, foleni ya malori halisi imesimama, na ndani ya moja kuna mtu aliyenilipia karo. Lori lake halikuwa kwa rafu. Hakuna kiwanda Ulaya kitalitengeneza, kwa sababu hakuna mtu Ulaya analijua.

Lakini kulikuwa na mtu hapa hapa anayelijua.

Nitamwita Fundi, jina lake libaki lake. Kijana wa miaka kumi na saba. Anakaa karibu na yadi ambayo malori huegesha yakisubiri karatasi. Anatengeneza malori kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, waya, spoku za baiskeli na malapa yaliyokatika. Spoku ndiyo ekseli. Malapa ndiyo tairi. Kioo cha mbele ni chupa ya soda. Sote tulitengeneza magari ya waya tukiwa wadogo, hiyo si habari. Tofauti ni kwamba sisi tuliacha, yeye akaendelea.

Nilimuuliza anapima vipi. Akaniambia, "Natembea kando ya lori nikihesabu hatua. Kila hatua moja, vidole viwili." Basi. Hiyo ndiyo ofisi yake ya uchoraji. Nilienda na rula nikapima kontena aliyokuwa ametengeneza. Sentimita 59. Hatua ya mtu ni kama sentimita 75, vidole viwili ni karibu sentimita 4, kwa hiyo bila kujua alikuwa anafanya kazi kwa kipimo cha moja kwa ishirini. Kontena halisi ya futi 40 kwa kipimo hicho inafaa kuwa sentimita 61. Fundi amekosea sentimita mbili. Kwa miguu na vidole! Hebu nionyeshe wewe unayeandika "zinaharibu rafu" kama unaweza kupima mlango wa nyumba yenu ukakosea sentimita mbili.

Nikampa oda. Nikamwambia nataka lori la mzee. Akaniambia halihitaji picha, analijua. Siku nne baadaye akaniletea. Mudgadi ya nyuma upande wa kushoto ilikuwa imebonyea, kama ya mzee. Turubai lilikuwa na kiraka cha rangi nyingine, kama la mzee. Nikauliza bei, akasema mia tatu.

Mia tatu. Kwa siku nne za kazi. Mimi niliyelipa elfu kumi na sita kwa lori la watu nisiowajua nilitaka hata kuomba apunguze. Ulimi ulikuwa umeshaanza kusema "fanya mia mbili na..." nikajiskia vibaya, nikanyamaza. Huo ndio ugonjwa ninaouzungumzia. Kitu kikitoka mbali tunalipa bila kuuliza. Kikitoka kwa mikono ya jirani tunaanza kukohoa.

Mzee aliporudi safari, nikamwekea lori mezani bila kusema kitu. Hii aliishika kwa mikono miwili. Akaigeuza chini, akahesabu ekseli. Akagusa ile mudgadi. Halafu akauliza, "Jiko liko wapi?"

Kama hujui, chini ya trela kuna kisanduku. Humo madereva huweka jiko, sufuria, unga, chumvi. Barabarani hicho kisanduku ndicho nyumba. Fundi alikuwa amekisahau. Na mzee akaanza kuongea.

Aprili na Mei 2020, mnakumbuka. Uganda ilikuwa inapima madereva Corona hapo mpakani, majibu yanachelewa, foleni inarudi nyuma kilomita baada ya kilomita. Mzee alikwama siku sita. Alikuwa kilomita tatu kutoka nyumbani kwake. Kilomita tatu! Na hakuja. Alituambia kwa simu kwamba haruhusiwi kuacha mzigo, tukaamini. Ukweli, alitueleza siku hiyo mbele ya lori la mkebe, ni kwamba majirani walikuwa wameshampigia simu. "Usilete hiyo kitu hapa mtaani." Watu aliowabebea maharagwe na ndizi kutoka Kampala miaka yote. Mathe alikuwa akimtumia chakula kwa boda, yule wa boda anakiweka chini karibu na tairi, anarudi nyuma, halafu mzee anashuka kuchukua. Siku chakula kisipofika, alipika kwa hicho kisanduku.

Hiyo stori ilikaa ndani ya mzee miaka. Hakuna mwandishi wa habari aliyeitoa. Hakuna mtu wa kaunti aliyemuuliza. Ilitolewa na mkebe wa mafuta ya kupikia, kwa sababu ulikuwa na kila kitu isipokuwa jiko.

Sasa niambie tena kwamba hiyo ni toi.

Si 2020 peke yake. Januari 2022 madereva waligoma kwa sababu Uganda ilikuwa inawapima tena kwa lazima na kwa ada. Malori yakajaa barabara hadi upande wa Bungoma, na huko Uganda petroli ikawa adimu, bei ikapanda kama moshi. Siku chache tu malori yakisimama hapa Malaba, nchi nzima jirani inatembea kwa miguu. Huo ndio ukubwa wa hawa watu tunaowaita "madere" kana kwamba ni tusi. Nionyeshe mahali popote hapa mpakani ambapo hiyo imewekwa mtoto aione. Picha, sanamu, hata lori moja la mbao. Nasubiri.

Na usifikiri Kenya haina mizigo mikubwa ya kutengenezea modeli. Ule mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, kule Loiyangalani, una mitambo 365. Kila mmoja una mabawa matatu, kila bawa kama mita 25. Hesabu mwenyewe, ni mabawa 1,095. Yalibebwa kwa malori kutoka Mombasa, safari ya kilomita 1,200 hivi, na ilibidi barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis itengenezwe upya ili yafike. Huo ulikuwa msafara wa kuandikiwa vitabu. Ungekuwa Ujerumani, leo ungepata bawa lake dukani kwa kipimo cha moja kwa hamsini, nusu mita kamili, ndani ya boksi safi. Sisi tulipita kando yake tukipiga honi kwa sababu linatuchelewesha.

Kuna kitu kingine kinaniuma zaidi, na hapa naomba wazazi wasome.

Siku moja nilimkuta Fundi ana oda sita kwa mpigo. Lori, kreni, trekta. Nikafurahi, nikadhani biashara imeanza. Kumbe zote ni za shule. Mtoto ameambiwa atengeneze modeli kwa vitu vinavyopatikana mazingira yake, mzazi hana wakati, anakimbia kwa Fundi na mia mbili. Kesho yake mtoto anaenda darasani na kreni inayozunguka na kuinua kijiti kwa uzi, mwalimu anashangaa, anampa alama za juu kabisa.

Fundi mwenyewe aliacha shule akiwa kidato cha pili. Karo.

Soma hiyo sentensi tena. Kazi ya mikono yake inapata alama za juu katika madarasa sita, na yeye hana darasa. Tukimwona mchana amekaa na mikebe tunasema "huyu kijana amepotea, anacheza tu". Kama ni kucheza, mbona mtoto wako amepewa alama? Na kama ni elimu, mbona mwenyewe umemlipa mia mbili gizani na hutaki jina lake litajwe? Chagua moja. Haiwezi kuwa elimu ikiwa kwa mkoba wa mtoto wako na upuuzi ikiwa kwa mikono ya mtoto wa mwenzako.

Najua kuna atakayesema, "Sawa, lakini watu wana njaa. Modeli hailiwi." Ni kweli, na sitaki kukudanganya kwamba rafu itashiba mtu. Barabara hii imeleta pesa na imeleta makaburi pia. Sitaki kuipamba. Lakini angalia vizuri hoja yako. Ni sisi tuliomfanya Fundi awe na njaa kwa kulipa mia tatu kwa kazi ya siku nne. Ukimlipa elfu mbili kwa lori moja, bado umelipa sehemu ndogo sana ya bei ya lile la boksi, na yeye amekula wiki. Njaa haiwezi kuwa sababu ya kutomlipa mtu vizuri. Hiyo ni kujificha nyuma ya sufuria tupu.

Mwingine atasema, "Unachukia vitu vya nje." Wala. Ile Scania bado iko kwa rafu na haitoki. Nimejifunza mengi kwake: jinsi ekseli zinavyopangwa, jinsi kichwa kinavyoshika trela. Nimempelekea hata Fundi akaichunguza, na wiki iliyofuata malori yake yakaanza kugeuza tairi za mbele. Hivyo ndivyo inafaa iwe. Kitu cha nje kiwe mwalimu. Kisiwe bosi.

Na tusikae tukidhani wakati ni mwingi. Mwaka 2024 Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Upande wetu reli ya kisasa ilishafika Naivasha tangu 2019. Siku zikikutana hapa, foleni unayoilaani leo itapungua, na pengine ni vizuri, wazee wetu watapumzika. Lakini kumbuka hili. Reli ina jumba lake la makumbusho Nairobi tangu mwaka 1971. Ukienda utaona injini za zamani, na hata lile behewa ambalo simba aliingia akamtoa Ryall pale Kima mwaka 1900. Treni inajua kujihifadhi. Lori likiisha kazi linakatwa linauzwa kwa kilo. Watoto wako watajua simba wa Kima, na hawatajua babu yao alilala siku sita kilomita tatu kutoka kwa kitanda chake.

Tumeshafanya kosa hili mara moja. Neno boda boda lilizaliwa hapa Busia, miaka ya 1960, wakati baiskeli zilikuwa zinavusha watu kati ya mpaka na mpaka. Leo neno hilo liko Kampala, liko Nairobi, liko Dar es Salaam. Pengine ndicho kitu kikubwa zaidi ambacho mji wetu umewahi kuipa dunia. Sasa nionyeshe moja ya zile baiskeli za kwanza, na kile kiti cha nyuma kilichoshonwa. Zilikatwa, zikauzwa kwa kilo. Tukabaki na neno bila kitu.

Kwa hiyo mimi naomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kaunti wala mfadhili.

Moja: ukinunua lori la mkebe, lipa bei ya kazi. Uliza zilichukua siku ngapi, kisha piga hesabu kama vile ungelipwa wewe.

Mbili: jina la aliyetengeneza liandikwe chini ya chesisi, na mwaka. Msumari unatosha. Malori ya Ulaya yana jina la kiwanda chini. Ya kwetu yana kutu tu.

Tatu: mzazi, kama huna wakati wa kazi ya shule, usinunue. Mpeleke mtoto akae na Fundi Jumamosi moja, alipe masaa ya kufundishwa, akate mkebe mwenyewe hata kama kreni itatoka imepinda. Na kupima kufanyike ndani ya yadi, lori likiwa limezimwa na dereva akijua mko hapo. Mtoto asitumwe barabarani kuhesabu hatua.

Nne: ziwekwe mahali watu wanakaa. Hatuhitaji jumba. Tunahitaji rafu. Kinyozi wangu Burumba amenipa ukuta mmoja mbele ya viti vya kungojea. Mbao tatu, malori manne kwa kuanzia, kila moja na karatasi inayosema ni la nani, linapita wapi, limetengenezwa na nani. Wiki ya kwanza dereva mmoja wa Uganda aliingia kunyolewa, akasimama mbele ya ukuta ndevu zikiwa nusu, akatafuta lake. Hakulipata. Ameacha namba ya simu na mia tano, anataka litengenezwe.

Wewe uliyesema nitoe za mkebe, nakualika. Njoo Burumba, kaa kwa kiti, angalia. Ukiwa bado unaona zinaharibu rafu, tutaongea.

Halafu kitu kimoja cha mwisho. Fundi alirudi. Nilimwambia alichosema mzee, akachukua lori bila kujibu, akakaa chini na koleo. Alitengeneza kisanduku chini ya trela, na mlango wake mdogo wa waya. Ndani akaweka jiko: kifuniko cha soda, kimetobolewa matundu. Sufuria pia iko, ni kofia ya bomba la dawa ya meno.

Nilimuuliza bei. Akasema hiyo ni bure, kwa sababu alikuwa amesahau.

Nimemlipa. Na nyinyi lipeni.